Ufito Ndani ya Jiko

Cleuna, 18 Septemba 2011

Kwako Ivo,

Pokea salamu zangu, pamoja na za kuku watatu (wa nne kaliwa na mbweha), na za jirani yetu Duilio, aliyenikazania nisikuandikie hata mara moja bila kukusalimia. Magoti yangu yanalia, kichwa kizima. Wewe sijui, maana barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama risiti. Mama yako Fides yuko mzima huko Udine. Jina lako halitaji tangu uende Australia. Nikilitaja mimi, anainuka kwenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Mwandiko uvumilie. Shule yetu ilifungwa wakati wa vita, na ilipofunguliwa mimi nilikuwa nachunga ng'ombe wa watu. Herufi nilizipata kwenye barua za babu yako alipokuwa Uswisi akichimba mahandaki, na yeye hakuwa mwalimu. Lakini simu usiniambie. Waya wetu uliangushwa na mti Agosti, na kwenye simu ya mama yako mimi sisikii kitu, yeye anasikia kila kitu.

Sasa jambo lenyewe. Jiko lako la kupasha nyumba joto linanikataa.

Nalijaza peleti, nabonyeza kitufe, feni inavuma, kiwashio kinakuwa chekundu, vile vijiti vya unga wa mbao vinadondoka kimoja kimoja kwenye kikombe cha chuma, moto unakuja mzuri, nakaa. Nusu saa haifiki. Zinadondoka chache, halafu moja, halafu hakuna. Moto unakufa, kidirisha kinaandika A na 5 na kupiga kelele kama mbuzi aliyebanwa mguu kwenye uzio. Nimelizima, nimeliwasha, nimelipiga kofi. Jiko langu la zamani la chuma lilikuwa likipigwa kofi linaelewa.

Mama yako alikuja Jumapili akalikuta limezimika na mimi nimevaa koti ndani ya nyumba. Nakupa maneno yake yalivyo: "Mama, nakupa mpaka Epifania. Nikija siku hiyo nikakuta hili dubwana limezimika, nakupakia garini, na mjadala hakuna." Epifania ni tarehe sita Januari. Yeye anakaa ghorofa ya nne, dirisha linatazama maegesho ya magari. Mimi nitatazama nini pale, magurudumu?

Fundi mwingine simtaki. Yule aliyekuja kwa Duilio mwaka juzi aliacha alama za viatu mpaka kitandani. Uliliweka wewe, litengeneze wewe. Na eti siku hizi unafunga viyoyozi! Hapa uliwapa watu joto, huko unawauzia baridi.

Mandi, kwaheri,
Bibi yako Onorina


Adelaide, 7 Oktoba 2011

Bibi yangu,

Shikamoo ya mbali. Nimeisoma barua yako ndani ya gari la kazi nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu akauliza kama nimepata habari za urithi. Mimi mzima. Huku joto linaanza, na kuna ndege wenye rangi nyeusi na nyeupe wanaowashukia watu vichwani kulinda vifaranga vyao. Wananikumbusha wewe. Msalimie sana Duilio, mwambie kisu alichonipa bado ninacho.

Kuhusu jiko: kwanza, acha kulipiga kofi. Pili, fanya haya, na usiruke hata moja.

Chomoa waya ukutani. Toa kile kikombe cha moto, utazame matundu ya chini. Yakiziba, yazibue kwa msumari. Bana karatasi kwenye mlango wa kioo uivute: ikitoka kirahisi, kamba ya kuziba hewa imechoka. Fagia bomba la moshi pale linapopinda. Dondosha peleti kwenye glasi ya maji: nzuri huzama, mbovu huelea. Mwisho, mimina zote zilizomo kwenye tangi, uingize mkono mpaka chini kwenye lile parafujo refu linalozisukuma. Niambie umekuta nini.

Duilio bado anakupandishia magunia ya peleti toka barabarani, ngazi zote zile mpaka mlangoni, kwa toroli lake la injini?

Na ya Epifania yasikunyime usingizi. Krismasi nitakuwa hapo, nitalifungua jiko zima mwenyewe juu ya meza yako.

Wako, Ivo


Cleuna, 25 Oktoba 2011

Ivo,

Theluji imekaa kwenye vilele tangu juzi, bado haijashuka kwetu. Kabichi nimeshazitia chumvi. Goti la kushoto limeshamzidi mwenzake. Duilio anakusalimu.

Nimefanya yote. Matundu yalikuwa yameziba manne, nimeyazibua. Karatasi nilibana barua yako, mlango ukaing'ang'ania mpaka ikachanika pale ulipoandika kuhusu ndege. Kwa hiyo mlango mzima na barua mbovu. Bomba nimelifagia kwa bawa la bata. Peleti zimezama zote kama mawe.

Tangi nimelimimina. Chini kulikuwa na unga. Namaanisha unga kweli, wa kukandia, bakuli mbili zimejaa. Na kwenye parafujo nimechomoa kijiti, urefu wa kidole, cheupe, chembamba, kimechongwa bapa upande mmoja. Kilikuwa kimebana. Nimekitupa.

Nikarudisha peleti, likawaka. Nikasema haya, Ivo kaweza. Nikakaanga jibini na viazi, nikaketi nalo uso kwa uso, sahani mapajani. Limekwenda siku tatu. Ya nne, A na 5.

Situlii, Ivo. Nikiwa bandani nasikiliza kama feni inavuma. Nikikamua mbuzi nageuza shingo kuangalia moshi. Nanyanyuka mezani kijiko kikiwa mdomoni kwenda kuchungulia kioo. Kuku wameanza kuniogopa. Hata babu yako alipokuwa hoi sikumchungulia hivi.

Krismasi nimeizungushia wino mwekundu kwenye kalenda, duara mbili.

Bibi yako


Cleuna, 6 Novemba 2011

Ivo,

Sijangoja jibu. Leo limezimika mara mbili kabla ya adhuhuri. Mama yako kaja na mkanda wa kupimia. Nikamuuliza unapima nini, akasema kabati la nguo, aone kama litaingia kwenye chumba cha huko. Kabati la mama yangu! Nikasimama mbele yake nikamwambia anipime mimi kwanza, kama nitaingia.

Jibu haraka.

Bibi


Adelaide, 12 Novemba 2011

Bibi,

Barua yako ya Oktoba imefika juzi. Natumaini magoti yametulia na Duilio hajambo. Kazi ni nyingi, kila nyumba inataka baridi kabla ya Desemba. Mimi sijambo.

Tuache jiko kidogo tuangalie peleti. Fungua gunia jipya, chukua konzi moja juu kabisa. Kisha chukua konzi nyingine kwenye tangi. Ziweke kwenye sahani mbili, unieleze tofauti. Mlango mzima, bomba safi, kuni zenyewe nzuri. Huo unga unatoka mahali.

Hukunijibu kuhusu toroli la Duilio.

Kuna rafiki yangu wa kazini anasumbuliwa na kichefuchefu kila asubuhi, hawezi hata kunusa kahawa. Kuna kitu ulichokuwa ukiwapa watu. Kilikuwa nini?

Ivo


Cleuna, 29 Novemba 2011

Ivo,

Theluji imefika kwenye kizingiti. Mbuzi nimewapeleka bondeni kwa mama wa posta mpaka masika, yule anayeleta barua zako. Kuku wamebaki, hawajui pa kwenda. Salamu za Duilio.

Sahani ya kwanza, ya gunia: peleti nzima, ndefu, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Sahani ya pili, ya tangi: vipande, vumbi, nusu nzima ni unga. Umefurahi? Mimi ningekuambia hayo bila sahani.

Rafiki yako wa kazini mwambie ale kipande cha ukoko wa polenta, ugali wetu wa mahindi, uliokaushwa, kabla hajainua kichwa kwenye mto. Akae dakika kumi ndipo aamke. Nilimpa mama yako huo huo kila siku kwa miezi mitatu, alipokuwa na wewe tumboni.

Barua yako nimeisoma mbele na nyuma. Nimeishika hata dirishani kwenye mwanga. Krismasi haimo. Ya Oktoba ilikuwemo, ya Novemba haimo. Mimi sijasoma shule lakini kuhesabu kilichopungua najua, nimechunga ng'ombe.

Zimebaki wiki tano na siku kadhaa. Nalala na koti.

Bibi yako Onorina


Adelaide, 11 Desemba 2011

Bibi,

Hii nimeituma kwa njia ya haraka. Kaa chini uisome umekaa.

Gunia zima, tangi unga. Basi peleti zinasagika kati ya gunia na tangi. Toroli la Duilio halisagi peleti; linabeba gunia likiwa limefungwa, linafika mlangoni lilivyotoka kiwandani. Nikarudi kwenye barua yako ya Oktoba. Kijiti cheupe, kimechongwa bapa. Bibi, huo ni ufito. Ni ufito wa tenga lako la mgongoni. Duilio ndiye aliyelisuka, nami nilikuwa nikikaa miguuni pake nikimpa fito moja moja.

Unabeba mwenyewe. Unachana gunia barabarani, unamimina peleti ndani ya tenga kwa sababu gunia la plastiki linateleza na kukuvuta nyuma. Halafu unashindilia kwa ngumi ili ziingie nyingi, kama wewe na wenzako mlivyokuwa mkishindilia majani makavu ya kulalia ng'ombe. Ngazi mia mbili na kumi na moja. Kila hatua zinasuguana. Zikifika juu nusu ni unga, unga unaganda juu ya parafujo, parafujo linazunguka bure, moto unakufa njaa. Jiko halina ubaya wowote. Halijawahi kuwa nao.

Nililing'oa jiko lako la chuma ili mgongo wako usibebe kuni tena. Nilikuambia hivyo, ukaniacha niling'oe.

Duilio yuko wapi?

Fanya hivi. Mwambie mtu akubebee. Kama hakuna mtu, na naanza kuogopa kwamba hakuna, basi usichane gunia barabarani. Liweke tengani lilivyo, lilale juu ya nyasi kavu, lifunge kwa kamba lisicheze. Moja tu kwa safari. Lifungulie jikoni, uchekeche peleti kwa chekecheo la unga wa mahindi kabla ya kuzimimina. Ukivunja sharti hata moja nitamwandikia mama, na unajua inanigharimu nini kumwandikia mama.

Sasa zamu yangu. Hakuna rafiki wa kazini. Anaitwa Bronwyn. Mtoto wetu anatarajiwa Juni. Mwezi uliopita alitokwa damu, daktari amemwambia alale tu. Tiketi ya Krismasi nimeirudisha, siwezi kumwacha. Sikujua nikuandikieje kwamba siji, wakati wewe umevaa koti ndani ya nyumba kwa sababu yangu.

Ukoko umesaidia.

Ivo


Udine, 9 Januari 2012

Kwako Ivo, na kwako Bronwyn ambaye Ivo atakusomea,

Umeona nilipoandikia. Usitupe barua, soma mpaka mwisho.

Nawasalimu. Bronwyn, lala, mwenye haraka ni mwanamume, mtoto hana. Ivo, polenta ya ukoko ikorogwe kwa mti, mwiko wa plastiki utupe. Mama yako yuko hapa, amekaa upande wa pili wa meza akijifanya anasoma gazeti.

Duilio alikufa tarehe tatu Septemba, akimenya viazi. Sikukudanganya. Mwezi wa nane, moyo ulipoanza kumsumbua, aliniambia, "Onorina, kila ukimwandikia yule kijana, nisalimie." Hakusema niache lini. Tangu alipokufa moshi wa Cleuna ulikuwa wangu peke yangu, nyumba nyingine zote tupu. Toroli lake limechukuliwa na mpwa wake, na dereva wa peleti anashusha barabarani kwa sababu eti anaumwa mgongo. Mama yako nilimwambia dereva anapandisha mpaka mlangoni. Ningekuambia wewe Duilio hayupo, ungeuliza nani anabeba. Na ulivyong'oa lile jiko la chuma ulikuwa unatoka jasho na kuimba. Sikutaka ujue kwamba ulitoka jasho bure.

Kushindilia ni kweli. Mkono wenyewe ndio unaoshindilia, sijui kuuzuia. Miaka sitini tenga lisiposhindiliwa nilikuwa naitwa mvivu.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na mbili. Nikafanya yote, gunia zima, nyasi, kamba, chekecheo. Nikalimimina tangi, nikaliosha parafujo kwa brashi ya meno ya babu yako. Likawaka. Ivo, likawaka likaendelea kuwaka! Siku ya kwanza nilizunguka nalo kama mbwa. Siku ya pili nikavua koti. Siku ya tatu nililala mchana, kitu ambacho sijafanya tangu nimzae mama yako.

Tarehe ishirini na nane nilianguka. Ngazi ya mia na thelathini, kwenye ule ukuta tunaopumzikia, gunia likiwa mgongoni. Sikuumia, theluji ilikuwa nene, nikabaki nimekaa kama kobe na tenga langu. Nikaita, "Duilio!" Kwa nguvu zote, mjinga mimi. Kuku ndio walionijibu. Nikazifungua kamba, nikaamka, nikapandisha gunia. Hilo hata mama yako hajui. Sasa amejua, maana ameacha gazeti anasoma kupitia bega langu.

Epifania akaja. Na begi tupu kubwa, na uso wa hakimu. Akasukuma mlango, joto likamkuta usoni, akasimama.

"Nani kaja kulitengeneza?"

"Mwanao."

"Mwanangu yuko Australia."

"Kalitengeneza akiwa huko huko. Funga mlango, unanitolea joto."

Akalizunguka jiko. Akafungua tangi, akaingiza mkono, akanusa vidole. Akasema, "Mama, hiki nini, chekecheo la polenta?" Nikampa barua zako zote, nikamwambia asome mwenyewe. Alisoma amesimama, koti mwilini. Ya mwisho aliisoma amekaa. Alipofika kwa Bronwyn akanyanyuka akaenda kuosha vyombo. Safari hii vilikuwa vichafu. Alikaa huko muda mrefu kwa sahani mbili na sufuria moja. Aliporudi mikono ilikuwa bado na povu.

"Juni tarehe ngapi?"

"Hakuandika. Muulize."

Tukanywa kahawa. Jiko lilikuwa linavuma vizuri kama paka aliyeshiba. Ndipo akasema: "Haya. Umeshinda, Mama. Baki." Akaanza kulikunja begi lake.

Nikamwambia, "Usilikunje."

Akanitazama kama nimepagawa. Nikamweleza. Kutolewa nyumbani kwangu na mashine iliyonishinda, hapana. Ningeshika nguzo ya mlango mpaka wanikate vidole. Lakini mashine sasa inanitii, na moyoni, hilo sikumwambia, namjua aliyekaa kwenye theluji akiita marehemu. Nimesema nashuka mpaka Aprili, theluji ikiyeyuka narudi, na mwaka ujao nitaamua tena mimi. Kabati la mama yangu halikuguswa. Akasema, "Ulinisumbua miezi minne kwa jambo ambalo ungelikubali?" Nikamwambia hakuniuliza, alinipa tarehe.

Jiko nimelizima mwenyewe, ulivyonifundisha: kitufe sekunde tatu, nikaingoja feni mpaka inyamaze yenyewe, nikatoa majivu, nikalimaliza tangi mpaka parafujo likabaki tupu, nikachomoa waya. Mama yako alikuwa anapiga honi kule chini barabarani. Apige. Kitu kilichokutii hukiachi katikati.

Chumbani nina joto. Dirisha ni la magari kama nilivyosema. Jekundu moja linakuja saa kumi na mbili na robo kila asubuhi, mwenyewe anaegesha vibaya, natamani kumgongea kioo. Kuku wako bondeni kwa mama wa posta pamoja na mbuzi.

Mama yako anasema nikuandikie namba yake haijabadilika. Mimi si tarishi wake, lakini nimeandika.

Tenga nimekuja nalo. Alisema halitaingia garini. Liliingia, aliyebanwa ni yeye. Ufito uliovunjika nimeubadili kwa mwingine, si kama wa Duilio, lakini umeshika. Humo ndimo nilimobeba mama yako kwenda kukata nyasi, humo nikakubeba wewe, ulikuwa unanivuta nywele njia nzima. Mkija kiangazi cha mwakani, mtoto atakuwa na mwaka mmoja, ataingia sawasawa. Sitashindilia. Nimelikung'uta hapa barazani mara tatu, unga wote umetoka, wa ghorofa ya tatu amepiga kelele mpaka mama yako akajificha. Nitalikung'uta tena kesho. Sitaki mtoto apige chafya.

Mandi,
Bibi yenu Onorina